Sigor: Mwenyekiti Asiye na Askari

Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii imekaa vinywani mwa Wapwani tangu zamani, na ni nadra kufanyika mchango wa arusi, wa matanga au wa madrasa pasipo mtu kuitaja. Lakini methali yenyewe imenyamaza juu ya jambo moja. Huyo mwenye moyo akishatoa, ni nani atakayekipokea kile alichokitoa, akakiandika, akakilinda, kisha akakifikisha kwa mtoto aliyekusudiwa? Mtu huyo aghalabu huitwa mwenyekiti. Hana mshahara, hana gari la serikali, wala hana askari wa kumwendea mwanachama aliyekosa mikutano mitatu mfululizo. Makala haya yanamhusu yeye.

Tumechagua kumtazama akiwa mbali na bahari, huko Sigor. Sigor tunayoisema ni ile ya Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, si ile ya Pokot iliyo mbali kaskazini. Msafiri kutoka Nairobi huteremka Bonde la Ufa, akapita Narok na Mulot, ndipo akaingia nchi ya Wakipsigis. Kabla ya mwaka 1992 sehemu hiyo yote ilihesabiwa katika Wilaya ya Kericho, na Wapwani wengi hadi leo wakisikia jina la Kericho hukumbuka birika la chai. Ni kweli kwamba makampuni makubwa yalianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920, na tangu mwaka 1964 wakulima wadogo nao wakawa na shirika lao, KTDA. Lakini Sigor iko upande wa chini wa nchi hiyo, mahali ambapo chai hupungua, mvua nayo hupungua, na watu wakategemea zaidi mahindi na ng'ombe.

Mahindi hayo yaliwahi kuwaponyoka. Mwaka 2011, huko Longisa katika Bomet hiyo hiyo, wataalamu waligundua kwa mara ya kwanza nchini Kenya maradhi mapya ya mahindi, yaletwayo na virusi viwili vinavyoungana katika mmea mmoja. Majani hukauka kutoka pembeni, mmea ukafa ungali umesimama shambani, na mkulima akavuna makapi. Mahali ambapo chakula cha mwaka mzima ni shamba moja la mahindi, maradhi ya namna hiyo hayaishii shambani. Hufika jikoni, kisha hufika darasani, kwa kuwa mtoto asiyekula mchana hasomi jioni. Serikali ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003, lakini haikuweza kufuta njaa, wala sare iliyochanika, wala haja ya msichana aliyevunja ungo kuwa na sodo kila mwezi. Katika mianya hiyo ndimo kinamoingia chama cha kujitolea cha kusaidia watoto, na ndimo mwenyekiti wake anamopimwa.

MZEE WA KOKWET

Wakipsigis wa zamani hawakuwa na masultani kama tuliokuwa nao sisi. Walikuwako wazee wa ukoo wa Talai, walioogopwa kwa utabiri wao, lakini mambo ya kila siku hayakupelekwa kwao. Yalikwisha katika kokwet, yaani mtaa wa majirani wanaolima na kuchunga karibu karibu. Kiongozi wa mtaa huo aliitwa boiyot ab kokwet, maana yake mzee wa kokwet. J. G. Peristiany, mtaalamu wa mila aliyechapisha kitabu juu ya Wakipsigis mwaka 1939, alimweleza mzee huyu kwa urefu, na ni maelezo yanayomfaa kila anayetaka kuongoza watu asiowalipa.

Mzee wa kokwet alisimama kwa busara yake, ukarimu wake na ufasaha wake. Barazani, chini ya mti, yeye ndiye aliyefungua mazungumzo, na ndiye aliyeyafunga. Katikati alisikiliza. Neno alilolitamka mwishoni halikuwa amri yake, bali lilikuwa ni lile ambalo wazee wenziwe walikwisha kulikubali baada ya kulizungusha asubuhi nzima. Hakuwa na gereza wala kiboko. Mtu mkaidi aliadhibiwa na majirani zake, maana siku yake ya kulima ikifika asingemwona mtu.

Majirani hao walilimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, na malipo yalikuwa pombe ya nafaka. Siku hizi wengi katika sehemu hizo ni watu wa kanisa na pombe hawaigusi. Mahali pake pamechukuliwa na chai ya maziwa, na mursik, maziwa yale ya mgando yanayotiwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Sisi Waislamu hatuna budi kuipongeza badala hiyo! Na mtoto aliyefiwa na baba yake alikuwa ni mtoto wa ukoo, oret kwa lugha yao, na ndugu za marehemu ndio walioulizwa akionekana uchi au na njaa.

Basi anayekikalia kiti cha chama huko Sigor leo anakikalia mbele ya watu wanaojua kiongozi wa kujitolea afananeje. Akianza kuamrisha kama chifu, wanachama hawatamgombeza. Watamwitikia vizuri, kisha mkutano unaofuata hawatakuja. Hiyo ndiyo kura yao, na hupigwa kimya kimya.

VYAMA VYENYE BEJI

Vyama vikubwa vya kimataifa vya namna hii vilizaliwa Marekani miongoni mwa wafanyabiashara. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, Kiwanis ilianza Detroit mwaka 1915, na Lions ikafuata mwaka 1917. Kiwanis mwanzoni ilikuwa na shabaha ya kidunia kabisa, wanachama kununua na kuuza wao kwa wao ili wafaidiane. Haikuchukua miaka mingi wakaona kwamba chama cha kunufaishana hakina utamu, wakageukia huduma, na leo chama hicho hutangaza kwamba kazi yake ni watoto wa dunia. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930, na tangu hapo Afrika ya Mashariki imezoea kuona beji hizo katika majumba ya mikutano na penye visima vya maji.

Lakini vyama hivyo, pamoja na sifa zake zote, vilichelewa katika jambo moja. Milango yake haikufunguliwa kwa wanawake mpaka mwaka 1987, na kwa Rotary sheria ya dunia nzima haikubadilika mpaka mwaka 1989. Hapa Mombasa mama zetu hawakungoja ruhusa hiyo. Vyama vya lelemama vilikuwa na viongozi wanawake, vyeo vyake, ada zake na nidhamu yake, miaka mingi kabla. Ilipofika miaka ya 1950, baadhi ya wanawake wa Kiislamu waliona kwamba fedha nyingi zinaishia katika karamu za kushindana, wakaanzisha vyama vya maendeleo, vikiwemo Muslim Women's Institute na Muslim Women Cultural Association, na hima yao wakaielekeza katika elimu na hali ya wanawake na watoto. Hivyo msomaji wa pwani asiyatazame mambo haya ya Sigor kama ngoma ya wageni. Kuongoza bila mshahara tulikujua, na kubadili chama cha fahari kikawa chama cha faida tulikujua pia.

CHUMVI YA MAGARINI

Liko jambo jingine linaloiunganisha pwani na watoto wa bara, nalo ni chumvi. Katika nyanda za juu, mvua za karne nyingi huosha udongo na kuondoa madini ya iodini, ambayo wengine huyaita madini joto. Mtu asiyeyapata huvimba shingo. Hilo la shingo huonekana. Lisiloonekana ni baya zaidi: mama mjamzito akiyakosa, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na upungufu wa akili ambao hautibiki tena. Dawa yake ni nyepesi kupita kiasi, nayo ni kutia iodini katika chumvi ya chakula. Na chumvi ya Kenya kwa wingi hutoka wapi kama si Gongoni na Ngomeni, huko Magarini, kaskazini ya Malindi? Chumvi inayokaushwa kwa jua letu ndiyo inayokingia akili ya mtoto ambaye pengine hatauona mwambao maisha yake yote.

Mwaka 1994 Kiwanis ilishikana na Unicef kupambana na upungufu huo ulimwenguni. Mwaka 2010 wakaanza kampeni nyingine, safari hii dhidi ya pepopunda ya akina mama na watoto wachanga, ile inayoingia kwa kisu kichafu kinachokata kitovu. Kinga yake ni chanjo ya mama na mikono safi ya mkunga.

Kwa nini tunayataja haya katika habari za chama cha kijijini? Kwa sababu fedha za kampeni kubwa hufika bandarini, hufika Nairobi, hufika hata hospitali ya kaunti, halafu husimama. Hatua ya mwisho, ile ya kumfikia mama aliye nyuma ya kilima na kumshawishi aende akachanjwe, haifanywi na meli wala lori. Hufanywa na jirani anayemjua kwa jina. Hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyoanzishwa karibu na mji wa Bomet mwaka 1937, ililijua hilo mapema, na katika miaka ya 1980 ikaanza kuwafunza watu wa kujitolea waliochaguliwa na vijiji vyao wenyewe. Serikali nayo mwezi wa Septemba mwaka 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba ya vifaa na ahadi ya posho. Mwenyekiti mwerevu hashindani na hao. Huwaita mkutanoni na kuwauliza ni mtoto gani amepungua uzito, kisha chama kikajua pa kuanzia.

AMANA

Hapa ndipo pagumu. Neno harambee ni la watu wavutao mzigo mzito kwa pamoja, na Mzee Jomo Kenyatta alilifanya kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Kwa harambee zilijengwa shule na zahanati zisizo na idadi, Bomet na kwengineko. Baadaye wito ule ukaingia doa. Wanasiasa waliugeuza uwanja wa kuonyeshana mabunda ya noti, na katika miaka ya 1980 mahali pengi mwananchi maskini alitozwa mchango kama kodi. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwafunga mikono wakubwa hao, na mwezi wa Julai mwaka 2024 Rais alitangaza tena kuwakataza maofisa wa serikali kushiriki harambee. Kidonda hicho hakijapona sawasawa. Kila mwenyekiti anayesimama leo kuomba shilingi mia kwa ajili ya watoto husimama juu ya kumbukumbu za fedha zilizopotea.

Tuchukue kalenda ya sehemu hizo. Wakulima wa chai wa milimani hupokea malipo yao makubwa ya mwaka, yale wanayoyaita bonasi, karibu mwezi wa Oktoba. Huo ndio wakati wa kukusanya, kwani mfuko una kitu na moyo ni mwepesi. Lakini haja ya mtoto haiji Oktoba. Huja Januari, shule zinapofunguliwa, sare na viatu vinapotakiwa. Kwa hiyo fedha za watoto hukaa miezi mitatu mikononi mwa watu wazima, na katika miezi hiyo mitatu ng'ombe wa mtu atakufa, mgonjwa wa mtu atalazwa, na mwanachama mwema kabisa atamjia mwenyekiti usiku amwambie, "Mzee, nikopeshe kidogo katika zile za chama, nitarudisha kabla ya Krismasi." Mwenyekiti akikubali mara moja, chama kimekufa, ijapokuwa kitaendelea kufanya mikutano kwa mwaka mmoja zaidi.

Akiba dhidi ya hayo ni desturi tatu ambazo hazina fahari yoyote. Kwanza, fedha zisikae kwa mtu. Zikae benki, na kuzitoa kuhitaji sahihi zaidi ya moja. Tangu mwaka 2007 kuna M-Pesa, na mchango waweza kutumwa kutoka shambani. Hilo ni jema, ila zisitumwe kwenye simu ya mwenyekiti binafsi. Pili, mweka hazina asome daftari lake kwa sauti kila mkutano, hata kama mwezi huo hakuna kilichoingia. Kijiji kinachozoea kusikia "hakuna kilichoingia" kitaamini siku kitakaposikia kimeingia. Tatu, chama kiandikishwe. Sheria ya mwaka 2022 ya uandikishaji wa vikundi vya jamii imeweka njia kwa watu wasiopungua 10 wenye katiba yao na viongozi wao.

Kwetu Waislamu jambo hili lina jina lake, nalo ni amana. Msimamizi wa wakfu huijua mali iliyo mkononi mwake kuwa si yake na wala si ya jamaa zake. Surat an-Nisaa, mwanzo mwanzo, imetoa onyo kali kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma, na Surat al-Maauun imemhesabu anayemsukuma yatima kuwa miongoni mwa wanaoikadhibisha dini. Mwenyekiti wa Sigor huenda hakuzisoma sura hizo, lakini mizani anayopimiwa ni ile ile.

HESHIMA YA MTOTO

Mtihani mwingine ni wa macho. Siku hizi hakuna sadaka isiyopigwa picha. Mtoto husimamishwa mbele, sare mpya mkononi, mfadhili amemshika bega, na picha ikazunguka katika simu za kata nzima. Kesho yake darasani wenziwe wanajua nani analishwa na chama. Aya ya 271 ya Surat al-Baqara imekubali sadaka ya dhahiri, lakini imeiweka mbele ile inayofichwa, na hekima yake iko wazi katika uwanja wa shule. Chama chenye adabu humkabidhi mwalimu mkuu, au shangazi wa mtoto, mzigo usiku, na asubuhi mtoto akaenda shule kama watoto wengine wote. Hesabu ioneshwe wanachama, lakini uso wa mtoto usioneshwe.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Vyama vingi vikipata fedha kidogo huota kujenga nyumba ya mayatima, yenye ubao wa jina na jiwe la msingi. Serikali ya Kenya imekuwa ikirudi nyuma kutoka njia hiyo. Mwaka 2017 ilisimamisha uandikishaji wa makao mapya ya watoto, na ukatolewa mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto katika familia. Sababu ni kwamba wengi wa watoto walioko katika makao hayo wana mzazi mmoja au jamaa walio hai. Umaskini ndio uliowatoa nyumbani. Na msomaji wa Kiislamu atafurahi kujua kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelitaja kwa jina neno letu la kafala, yaani Mwislamu kumchukua na kumlea mtoto aliyekosa malezi kwa kufuata sharia ya dini yake.

Kafala ya pwani na oret ya Wakipsigis hazilingani katika kila hukumu, lakini zinakutana katika shina. Mtoto ni wa watu, na mahali pake ni nyumbani. Kwa chama cha Sigor maana yake ni kwamba gunia la mahindi kwa bibi anayelea wajukuu wanne lina thamani kuliko matofali elfu ya bweni. Tatizo ni kwamba gunia la mahindi haliandikwi jina la mwenyekiti, na likishaliwa halionekani. Mwenyekiti anayeweza kuchagua gunia na kuacha matofali ndiye anayewafaa watoto.

KUONDOKA KITINI

Mtihani wa mwisho ndio unaowashinda wengi. Katika Rotary na Lions mwaka wa uongozi huanza tarehe 1 Julai, na katika Kiwanis huanza tarehe 1 Oktoba. Mwenyekiti hushika mwaka wake, kisha humpisha mwenziwe ambaye alikwisha kuchaguliwa mapema na kukaa karibu naye akijifunza. Aliyeondoka hafukuzwi, bali hubaki akiwa mshauri. Katika vyama vyetu vingi, vya bara na vya pwani, mambo ni mbali na hivyo. Mtu hushika kiti miaka kumi na tano, daftari likawa lake, mhuri ukakaa chini ya mto wake, na akifa chama kinazikwa naye. Watoto waliokuwa wakisaidiwa hawajui ugomvi ulioko. Wao huona tu kwamba Januari imekuja na viatu havikuja.

Si kwamba wenyeviti hao wote ni wabaya. Wengi walibaki kwa kuwa hapana aliyetaka kuipokea kazi isiyo na malipo. Lakini dawa ya hilo ni kulea mrithi tangu siku ya kwanza, kumpa daftari alisome, kumtuma hospitali Longisa na mtoto mgonjwa, kumwacha aendeshe mkutano mwenyekiti akiwapo na akiwa kimya. Nahodha wengi chombo huenda mrama, ni kweli. Hata hivyo nahodha mmoja asiyemfunza mtu kushika usukani naye ataizamisha jahazi, siku atakapougua akiwa katikati ya bahari.

Wazee wa kokwet walilijua hilo bila katiba wala mhuri. Vijana walikaa pembeni mwa baraza miaka mingi wakisikiliza namna neno linavyofunguliwa na kufungwa, hata ilipofika zamu yao hawakuwa wageni. Chama cha watoto, kiwe cha Sigor au cha Mji wa Kale Mombasa, kinaweza kuanza na hilo katika mkutano wake ujao: kumwomba mwanachama kijana kuliko wote asome daftari la fedha mbele ya watu, kuanzia ukurasa wa kwanza.